Pembe Moja, Majina Mengi: Historia ya Kuwapambanua Madundu wa Mnazi

Mwenye shamba la minazi katika pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufunzwa na mtu kumjua chonga. Makuti yaliyofunguka yakiwa na mikato ya pembetatu, kana kwamba mtu ameyapitia kwa mkasi, humjulisha kwamba mdudu huyo alikuwamo kileleni siku nyingi kabla, wakati makuti hayo yalipokuwa bado yamekunjwa ndani ya shaha. Mkwezi akipanda mnazi huo hukuta tundu lililosazwa makapi yaliyotafunwa, na pengine humkuta dundu mwenyewe: mweusi, au mwekundu uliokolea hata kukaribia weusi, urefu wake sentimita 4 hivi, na kichwani ana pembe moja iliyopinda kuelekea nyuma. Wako wanaomwita sururu. Majina mawili kwa mdudu mmoja si ajabu katika lugha iliyoenea mwambao mrefu namna hii. Lililo gumu zaidi, na ndilo linalochunguzwa katika makala haya, ni kinyume chake: umbo moja machoni, na aghalabu jina moja kinywani, kwa wadudu walio mbalimbali. Kosa la kutowapambanua limelipiwa na wakulima wa minazi katika bahari mbili.

Anayetarajia kwamba wataalamu wa viumbe waliepukana na tatizo hilo kwa kutumia majina ya Kilatini na Kigiriki atashangaa. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi, katika toleo la kumi la kitabu chake kiitwacho Systema Naturae, aliwaandika madundu wawili wa namna hii. Wa Ulaya alimwita nasicornis, na wa Asia akamwita rhinoceros. Mwaka 1789 Mfaransa Guillaume-Antoine Olivier akaongeza wa tatu, huyu wa Afrika aharibuye minazi ya pwani, akamwita monoceros. Majina hayo yana fahari yake, lakini yakichambuliwa hayasemi mengi. Nasicornis ni Kilatini, na maana yake ni mwenye pembe puani. Rhinoceros ni Kigiriki, na maana yake ni ileile, pembe ya puani. Ndilo pia jina la kifaru. Monoceros ni mwenye pembe moja, na wote watatu wana pembe moja. Ni kama nyumba yenye ndugu watatu warefu, wa kwanza akaitwa Mrefu, wa pili akaitwa Mrefu kwa lugha ya jirani, na wa tatu akaitwa Asiyekuwa Mfupi. Tena liko la kuchekesha kidogo: vifaru wa Afrika, weusi na weupe, wote wana pembe mbili, ilhali mwenye pembe moja ni kifaru wa Bara Hindi na yule wa Java. Kati ya madundu, jina la Pembe Moja limekwenda Afrika na jina la Kifaru limekwenda Asia.

Hapo mwanzo wote hawa waliwekwa katika kundi moja kubwa pamoja na madundu wa mavi na wengineo wengi. Mwaka 1798 walitengewa jenasi yao, Oryctes, neno la Kigiriki lenye maana ya mchimbaji. Hili ni jina bora kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa halimtaji mdudu kwa pambo lake bali kwa kazi yake. Yafaa msomaji akumbuke hapa kwamba sururu katika Kiswahili ni pia chombo cha kuchimbia ardhi ngumu na mawe, na kwamba chonga, masikioni mwa Mswahili, haliwezi kutengwa na kitenzi cha seremala. Hapana haja ya kudai kwamba Mgiriki na Mswahili waliazimana. Inatosha kwamba watu waliomtazama mdudu huyu akiwa kazini walisikia katika jina lake kuchimba na kuchonga, na waliomtazama akiwa amekufa juu ya pini walitaja pembe.

Kabla ya kuwatenganisha wanaofanana, ilibidi kwanza kuwaunganisha wasiofanana. Buu wa dundu huyu ni mnene, mweupe, amejikunja mfano wa mwezi mchanga, na huishi ndani ya gogo lililooza, samadi au lundo la takataka za shambani. Hana dalili yoyote ya pembe wala ya mabawa. Huko Uholanzi katika karne ya 17, Jan Swammerdam alimpasua dundu wa Ulaya katika hali zake zote, buu, bundo na mdudu kamili, akachora viungo vyake vya ndani kwa uangalifu ambao hata leo hustaajabisha. Alifariki mwaka 1680, na kazi yake kubwa ikachapishwa na Herman Boerhaave miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 1737 na 1738. Kwa kazi za namna hiyo ilithibitika kwamba mnyama ni mmoja anayebadilika, wala si mmoja kufa na mwingine kuzaliwa kutokana na uozo.

Jambo hili la mabuu si la vitabuni tu. Katika lundo moja la samadi mkulima aweza kufukua mabuu wa namna mbili au tatu, wote weupe, wote wamejikunja. Mmoja ni wa chonga. Mwingine ni wa dundu wa maua, jamaa asiye na pembe, ambaye buu wake husaidia kuozesha takataka na hana habari na moyo wa mnazi. Njia rahisi ya kuwapambanua ni kumweka buu juu ya ubao mtupu na kumwacha ajiendee. Wa dundu wa maua hujigeuza chali akasafiri kwa mgongo, miguu yake mifupi ikielekea mbinguni, mwendo ambao ukiuona mara moja huusahau. Wa chonga hulala ubavu au hujikokota kwa taabu kwa miguu yake, na kichwa chake ni kikubwa zaidi, kigumu, chenye rangi ya hudhurungi. Tena yuko wa tatu ambaye watu humchanganya naye, buu apatikanaye ndani ya shina hai la mnazi uliojeruhiwa. Huyo hana miguu kabisa. Ni mtoto wa fukusi mkubwa wa minazi, mwenye mkonga mrefu badala ya pembe, ambaye mara nyingi huingia kwa kuufuata mlango uliokwisha kufunguliwa na chonga. Mwenye kuulizwa mnazi wake uliuawa na nani, naye ameona buu tu, hana budi kwanza kutazama kama ana miguu.

Sasa yafaa kurudi kwenye pembe yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyowapotosha watu kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Kwa kawaida dume ana pembe ndefu kuliko jike, lakini dume mdogo aweza kuwa na pembe fupi kama ya jike mkubwa. Katika dundu wa Asia alama iliyo salama zaidi ya kumjua jike iko upande wa pili kabisa wa mwili, nayo ni kishada cha manyoya mazito kwenye ncha ya tumbo. Dume pale ana ngozi iliyo laini na yenye kung'aa zaidi. Watu wengi pia hudhani kwamba mwenye pembe fupi ni mtoto na mwenye ndefu ni mzee. Sivyo. Dundu akishatoka katika hali ya bundo hakui tena, wala pembe yake hairefuki hata kwa unywele mmoja. Ukubwa wake wote ulikwisha kuamuliwa na chakula alichokula alipokuwa buu. Aliyelelewa katika gogo lenye rutuba hutoka mkubwa na pembe yake ndefu. Aliyepungukiwa hutoka mdogo, na pembe yake hupungua zaidi kuliko mwili unavyopungua.

Charles Darwin alilitambua jambo hili la kubadilikabadilika kwa pembe, akalijadili katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsia. Mwaka 1892 William Bateson na mwenzake Brindley walipima pembe za madume wengi wa Xylotrupes gideon, dundu mwingine mwenye pembe wa Asia, wakaona kwamba hawakujipanga katika safu moja toka mfupi hadi mrefu, bali walielekea kujikusanya katika makundi mawili, ya wenye pembe ndefu na ya wenye pembe fupi. Mtu aliyeyaona makundi hayo mawili bila ya kujua yalikotoka angeweza kuapa kwamba hao ni viumbe wa aina mbili. Ushahidi wa kwamba chakula peke yake chaweza kuleta tofauti ya namna hiyo ulitolewa na Douglas Emlen mwaka 1994 kwa kuwalea madundu wadogo wa mavi, ndugu wa baba na mama mmoja, kwa vipimo tofauti vya chakula. Si ajabu basi kwamba baadhi ya majina yaliyotolewa kwa madundu wenye pembe katika karne ya 19, kila mtaalamu akiwa na sanduku lake na kila sanduku likiwa na wachache tu, yalikuja kufutwa baadaye. Kazi ya kuyapanga upya ilichukua maisha ya watu. Mhungaria Sebő Endrődi aliikusanya yake katika kitabu kimoja kuhusu madundu wa jamii hii duniani kote, kilichochapishwa mwaka 1985.

Ni alama zipi basi zinazoaminika? Wataalamu hutazama bonde lililo mgongoni, nyuma tu ya kichwa: upana wake, kina chake, na vifundo vilivyopo kwenye ukingo wake wa nyuma. Hutazama vitundu vidogo vilivyotapakaa juu ya mabawa magumu, na meno yaliyo mwishoni mwa miguu ya nyuma. Hata hizi hufifia kwa madundu wadogo. Kwa hiyo neno la mwisho, kabla ya siku za vinasaba, lilikuwa ni la viungo vya uzazi vya dume, ambavyo vimefichwa tumboni na havina budi kutolewa kwa sindano na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Pembe inayoonwa na kila mtu haifai, na kinachofaa hakionwi na mtu yeyote aliye juu ya mnazi.

Katika Afrika tatizo hili lina sura yake. Oryctes monoceros hayuko peke yake. Yuko pia Oryctes boas, aliyepewa jina na Fabricius mwaka 1775, naye ameenea katika sehemu kubwa ya bara. Dume wake mkubwa ana pembe ndefu na bonde kubwa mgongoni, na kwa kumtazama angedhaniwa kuwa ndiye mwenye hatari zaidi. Kwa kweli yeye huonekana zaidi kwenye samadi na mboji, na madhara yake kwa minazi ni madogo yakilinganishwa na ya mwenziwe. Mtu aliyehesabu wadudu katika lundo la samadi karibu na zizi na kuwaandika wote kuwa chonga amejiandikia hofu isiyo na msingi, na jirani yake aliyeyaacha magogo ya minazi yakioza shambani, kwa kuwa hakuona mwenye pembe ndefu humo, amejiwekea adui ndani ya nyumba.

Kisa kilichoonyesha uzito wa jambo hili kwa ulimwengu mzima hakikutokea Afrika, bali katika visiwa vya Samoa, vilivyokuwa wakati huo chini ya Wajerumani. Mwaka 1909 dundu wa Asia aliingia huko pamoja na miche ya mipira iliyotoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Toka hapo alisafiri katika Pasifiki kwa mashua na merikebu. Alifika kisiwa kimoja cha Tonga mwaka 1921, ambako alifanikiwa kumalizwa kufikia 1930. Wallis mwaka 1931. Palau mwaka 1942, katika vita, ambako karibu nusu ya minazi ilikufa katika muda wa miaka kumi hivi. Na Fiji mwaka 1953. Kwa watu ambao mnazi ulikuwa chakula chao, kinywaji chao, paa lao na bidhaa yao ya pekee ya kuuza, hilo halikuwa jambo la wataalamu wa wadudu tu. Watawala walipitisha amri za kuwalazimisha wanakijiji kuwatafuta na kuwakusanya mabuu, na kazi hiyo isiyo na ujira ikawa sehemu ya maisha.

Hapa Zanzibar inaingia katika historia hii, na huingia kwa njia ya fikira moja: kwamba adui wa ndugu ni adui pia. Chonga wa Unguja alikuwa na nyigu aliyemwandama buu wake na kumtagia yai, Scolia ruficornis, na alikuwa na mdudu mwindaji wa kundi la kunguni, Platymeris laevicollis, aliyemdunga dundu mzima na kumfyonza. Nyigu huyo alipelekwa Samoa, akastakimu huko katika miaka ya 1940. Mwindaji naye alisafirishwa baadaye kwenda Bara Hindi na visiwa vya Pasifiki. Fikira haikuwa mbaya. Nyigu kwa hakika hakutofautisha buu wa Afrika na wa Asia, akala alichopewa. Lakini minazi haikuponywa naye, kwa kuwa wadudu walizaana upesi kuliko alivyoweza kuwapunguza, na mwindaji naye katika sehemu nyingi alishindwa kuzoea ugeni.

Kilichofaulu kilitoka Malaysia, nyumbani kwa dundu mwenyewe. Mwaka 1963 Mjerumani Alois Huger aliwakuta huko mabuu wagonjwa, akagundua kirusi ambacho hakikuwahi kujulikana. Mwaka 1967 kirusi hicho kilipelekwa Samoa, na katika muda mfupi madundu walipungua. Ubora wake ni kwamba dundu aliyeambukizwa hafi papo hapo. Huendelea kuruka na kukutana na wenzake, akiwagawia maradhi. Hapo tena ikarejea fikira ileile ya Zanzibar, safari hii ikielekea magharibi: kama kirusi kinamwua rhinoceros, je, hakitamwua monoceros? Katika miaka ya 1980 kiliachiliwa katika Ushelisheli na Tanzania dhidi ya chonga wa Afrika, naye kweli aliambukizwa. Na si kirusi tu kisichotambua mpaka. Mwaka 1994 iligunduliwa harufu ambayo dume wa chonga wa Afrika huitoa kuwaita wenzake, na mwaka 1995 ikaonekana kwamba dundu wa Asia hutumia kemikali ileile. Madundu hao waliotenganishwa na bahari na vitabu wangali wanaitana kwa neno moja.

Bahari hiyo, hata hivyo, si ukuta. Oryctes rhinoceros aliingia Mauritius mwaka 1962, ambako tayari alikuwapo jamaa yake wa kienyeji, Oryctes tarandus, anayejulikana huko kwa kuharibu miwa. Na mwaka 1978 akaonekana Réunion. Upande wa Arabuni, katika Oman na majirani zake, wako wengine wawili, Oryctes elegans na Oryctes agamemnon, ambao kazi yao ni mitende, na huyu wa pili amekwisha kuvuka hadi Tunisia ndani ya mitende iliyosafirishwa. Ni mwambao uleule ambao majahazi ya kaskazi na kusi yaliufuata kwa karne nyingi yakichukua tende, mbao na boriti.

Mwaka 2007 dundu wa Asia alionekana Guam, na mwaka 2013 akaonekana Hawaii. Huko Hawaii mabuu wa dundu wa maua, wale waendao kwa mgongo, waliwasumbua sana wachunguzi, kwa kuwa walikuwa wengi katika malundo yaleyale. Huko Guam lilitokea jambo zito zaidi. Kirusi kilichowaokoa wakulima wa Samoa kiliachiliwa na hakikufanya kazi. Kwa kitambo hapakuwa na aliyeelewa sababu, kwa maana mdudu alikuwa yuleyule: pembe ile, bonde lile, kishada kile, na hata viungo vya uzazi vilevile. Uchunguzi wa vinasaba, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba huyu alikuwa wa ukoo mwingine ndani ya spishi ileile, ukoo ambao kirusi hicho hakiuwezi. Alama zote zilizokusanywa na wanazuoni tangu Linnaeus, pamoja na zile zilizofichwa tumboni, hazikuweza kumtambua.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki maana ya hayo ni ya karibu. Dundu wa Asia, awe wa ukoo wa zamani au wa ukoo wa Guam, akishuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam ndani ya mbolea, miche au gogo, hatapokelewa kama mgeni. Mkwezi atakayemchokoa kwa waya kutoka katika shaha atamtazama, ataiona pembe, na atamwita chonga, kama babu yake alivyowaita wote. Mtego wa harufu utamnasa pamoja na wenyeji wake bila ya kumbagua. Atakayemtambua ni yule tu atakayekuwa na sababu ya kumgeuza, kumtazama bonde la mgongo na vifundo vyake, na kumpeleka mahali penye kioo cha kukuzia, badala ya kumkanyaga pale pale chini ya mnazi.